Gitaa Lililouma Kila Ijumaa

Siku mliyonikatia keki pale studio mlinishika mkono mmoja mmoja, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijayasahau. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeshapanga visa vya kuchekesha na maneno matamu ya mtu anayeondoka. Bahati mbaya yenu, kabla sijashika kalamu nilienda Itumbe. Sasa naandika nikiwa na hasira, na sitaki kujifanya sina. Kulikuwa na mtu anayepiga gitaa ndani ya nyumba yake akiwa amevaa gambuti, zile za mpira za kuchumia majani chai. Mmoja wenu alimwona nazo, akacheka, akamsafishia wimbo wake, akamrudisha nyumbani. Mtu huyo alibakisha kidogo sana afe. Nitafika huko, lakini kwanza mjue nilikotoka, ndipo mtaelewa kwa nini nimewakasirikia hivi.

Nilianza kazi Kisii mjini, kwenye studio ya ghorofani juu ya barabara ambako mikungu ya ndizi ilishushwa tangu alfajiri huku watu wakigombana. Niliingia na viatu vya kuazima na cheti ndani ya bahasha. Mteja wa kwanza kuniona alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akatikisa kichwa kwa heshima, akakaa kwenye benchi, akaendelea kumngoja fundi. Hilo swali nimeulizwa mpaka wiki yangu ya mwisho kazini, na sijawahi kulizoea. Ukiona mama amesimama mbele ya mitambo na waya shingoni, unadhani ameleta chai?

Aliyenifundisha ni Mzee Abuga, marehemu sasa. Alikuwa mfupi, mkali, na koti lake lilikuwa na harufu ya moshi wa kuchomelea waya. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjiki. Nilidhani alizaliwa hivyo. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kitufe hata kimoja. Alinipa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mshikio, inayowaka ukigusisha kwenye stima, akaniambia nisionekane kazini bila hiyo. Niliiweka kwenye mkoba, akaniambia mkoba unaachwa mezani. Nikaichomeka kwenye kilemba. Ndiyo ile mliyokuwa mnaicheka.

Baada ya muda mrefu, tukiwa tunakunja waya, ndipo aliponieleza habari za vidole. Alikuwa kijana, wakiwa kwenye ukumbi wa kanisa ambalo hakulitaja. Mpiga gitaa alikuwa amelalamika kwamba gitaa linavuma na linamchoma midomo akisogelea maiki. Watu walimwambia aache uoga, ibada inaanza. Stima ikamnasa, Mzee Abuga alimshika amvute, na vidole vikabaki vile. Yule mpiga gitaa alizikwa. Mzee alinieleza hayo bila kuinua macho kutoka kwenye waya, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

“Moraa, sauti mbaya usiifukuze kabla hujaiuliza. Muulize mwenye gitaa ilianza kuharibika lini, na siku hiyo hapo kwake palitokea nini.”

Basi. Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na ndio umekuwa wangu. Hakuna uchawi. Unauliza, unanyamaza, unasikiliza mpaka mtu ataje kitu ambacho yeye mwenyewe anaona ni cha kipuuzi.

Nikupeni mfano mmoja msije mkadhani nasimulia kilio tu. Niliwahi kuitwa Ogembo kwa bwana mmoja mwenye gitaa zuri la mbao lililokuwa limekufa sauti. Ukilipiga ni kama limefunikwa blanketi. Alikuwa ameshabadilisha maiki, amebadilisha waya, amebandika magodoro ukutani mpaka watoto walikuwa wanalala chini. Kila aliyepita alikuwa amempa ushauri, na ushauri wote ulikuwa wa kununua kitu. Nikamuuliza ilianza lini. Akasema tangu ng'ombe azae. Watu wote sebuleni waliangua kicheko, mimi sikucheka. Kumbe bwana alikuwa akikamua asubuhi, halafu anakuja moja kwa moja kufanya mazoezi akiwa bado na ile jeli ya kukamulia mikononi. Aliona nyuzi zinateleza vizuri, akaanza kuzipaka makusudi, eti zisishike kutu. Nyuzi zilikuwa zimenona kuliko ndama. Tulizitoa, tukaweka mpya, akanawa mikono kwa sabuni, na gitaa likaimba. Mkewe alimtazama kwa macho ambayo sitayaeleza hapa, kisha akarudisha magodoro.

Siku hizi kila boma lina studio. Sina neno na hilo, kwa kweli nalifurahia, maana kuna nyimbo ambazo zisingetoka kama watu wangeendelea kusubiri zamu mjini. Kinachonichemsha ni haya mafunzo ya kwenye simu. Mtu yuko Nyamira chini ya mabati, mvua inashuka kila alasiri kama imeajiriwa, naye anafuata maagizo ya jamaa aliye mbali huko, ambaye nyumba yake hata haijui kutoboka. Jamaa anamwambia bandika trei za mayai, anabandika. Anamwambia nunua kisanduku hiki cha kuondoa mvumo, ananunua. Hakuna hata mmoja anayemwambia toka nje uiangalie nyumba yako. Na nyinyi wenzangu, mliosomea kazi hii, mmeanza kufanana nao. Mteja akija na mvumo kwenye gitaa, hamwinui hata kichwa. Mnaingiza wimbo kwenye kompyuta, mnaweka ile programu ya kusafisha, mvumo unaisha, mnasema next, aje mwingine. Mlifanya hivyo kwa Makori.

Makori mnamfahamu. Mrefu, mpole, analima majani chai ya familia kule Itumbe na anapiga gitaa la umeme kwa namna inayokufanya uache unachofanya. Mkewe Kwamboka ndiye mwimbaji. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa zile siku za zamani, na gitaa hakulipenda. Alimwambia mwanawe wazi kwamba chombo hicho kisipigwe ndani ya nyumba yake. Mzee alipofariki, Makori alikaa kidogo, kisha kwa idhini ya mama yake akaweka kompyuta, spika na maiki ndani ya chumba alichokuwa akilala mzee, kwa sababu ndicho chumba chenye kuta nene. Tangu siku ya kwanza gitaa likavuma. Halikuwa likivuma alipokuwa akifanya mazoezi na mitambo hiyo hiyo sebuleni, mzee akiwa amelazwa hospitali. Mvumo ule ulikuwa mzito, wa chini chini. Tena nyuzi zilikuwa zinamwasha vidole.

Mnajua familia ilisema nini? Mzee amekataa. Na aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi ni baba mdogo wa Makori, Mzee Ombui, ndugu wa marehemu, mtu anayependa sana kuzungumza kwa niaba ya wasioweza kumjibu. Alikuwa na ushahidi, eti. Gitaa linavuma siku zote, lakini Ijumaa jioni, Sabato ikikaribia kuingia, ndipo linauma kwelikweli. Kama si mzee anayelinda Sabato yake, ni nani? Hata Makori mwenyewe, mtu wa kidato cha nne na akili zake timamu, akaanza kuamini. Siku moja alirudi kutoka shambani na gambuti miguuni, akashika gitaa hivyo hivyo, halikumuuma. Basi ikawa desturi. Anavaa gambuti, anarekodi. Alipoleta wimbo kwenu kuondolewa mvumo alikuwa bado nazo, na alipoulizwa alisema bila kuficha, “Bila hizi linaniuma.” Mmoja wenu akamjibu kwamba hiyo ni staili mpya. Kisha akamsafishia wimbo.

Nataka msome hapo tena polepole. Mtu amewaambia gitaa linamuuma asipovaa viatu vya mpira. Angewaambia nini tena? Awaletee jeneza?

Mimi nilijua haya yote siku Kwamboka aliponipigia simu, nikiwa nyumbani napalilia mboga na kujifunza kutofanya kazi. Alikuwa ananong'ona. Ijumaa iliyotangulia alikuwa akiimba akiwa miguu mitupu, sakafu mbichi kwa sababu alikuwa ametoka kuipiga deki. Alishika kile chuma cha maiki kukisogeza, na mkono wake ukakatalia hapo. Hakuweza kuachilia wala kupiga kelele. Makori alikuwa amefumba macho anapiga gitaa na gambuti zake, hakuona. Kilichomwokoa ni stima kupotea. Kijiji kizima kilikuwa gizani kikilalamika, na Kwamboka amelala sakafuni anatafuta pumzi. Nimelaani stima kupotea maisha yangu yote. Siku hiyo nilikaa chini nikaishukuru.

Nikadhani baada ya hapo wamezima mitambo. Haki ya nani! Mzee Ombui alikuwa ameketi na familia, akaamua kwamba mzee alimwachilia Kwamboka kwa huruma na sasa anataka kuombwa msamaha. Makori apige wimbo mmoja wa mwisho, wa kuaga, ndani ya chumba kile, Ijumaa kabla ya jua kuzama, kisha gitaa litolewe bomani lisirudi. Na apige miguu mitupu, kwa sababu huwezi kumwomba baba yako msamaha ukiwa umevaa gambuti. Kwamboka alinipigia siku hiyo hiyo ya Ijumaa, mchana.

Sikubadilisha hata nguo ya shamba. Nilipanda boda boda, nikamwambia yule kijana akiona shimo asilionee haya. Njia nzima nilimpigia Makori simu, ikawa imezimwa kwa ajili ya maombi. Nilifika nikiwa na tope mpaka magotini. Nilipoingia nilimkuta mama yake Makori amesimama kwenye meza ya sebule, ana rundo la mashati meupe na blanketi limetandikwa, anapiga pasi nguo za Sabato kama kila mama wa Kisabato anavyofanya siku hiyo kabla jua halijazama. Nilimsalimia bila kusimama, Mungu anisamehe, maana mlango wa chumba ulikuwa wazi na nilikuwa nimeshamwona Makori. Ameketi kwenye kiti, gitaa ukutani nyuma yake limeshachomekwa, gambuti moja iko mkononi. Ya pili alikuwa anaivuta.

“Usivue,” nikasema.

Akanitazama. Mzee Ombui, aliyekuwa ameshika Biblia, akauliza huyu mama ni nani na anaingiaje kwenye mambo ya familia bila kubisha. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Akauliza fundi gani. Nilitoa testa kwenye kilemba, nikasogelea gitaa, nikagusisha kwenye uzi wa chini. Taa iliwaka nyekundu, kali, kana kwamba nimeiweka kwenye soketi yenyewe.

Wote waliiona. Mzee Ombui aliiona pia, akasema, “Mnaona?” Kwake taa ile ilikuwa ni mzee.

Hapo nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilifanya alichonifunza Mzee Abuga. Nilimwambia Makori akae kwenye kiti na asiguse kitu, nikauliza ilianza kuharibika lini. Wote walijibu kwa pamoja, tangu mazishi. Nikasema haya, na siku ya mazishi hapa palitokea nini? Mzee Ombui akanieleza habari za mahubiri. Nikamwambia sitaki mahubiri, nataka nyumba. Nani aligusa nini kwenye nyumba hii? Wakasema hakuna aliyegusa nyumba. Nikatoka nje kuiangalia mwenyewe.

Kaburi liko upande wa kulia wa nyumba, kama tunavyowazika wanaume wetu. Boma ni dogo, majani chai yamekaribia ukuta, kwa hiyo walilichimba karibu sana na nyumba. Kwenye ukuta, juu tu ya kaburi, kulikuwa na waya wa kijani na manjano unaotoka kwenye sanduku la stima na kuteremka mpaka karibu na udongo. Hapo ulikuwa umekatwa. Umening'inia hewani.

Niwaambie nyinyi msiojua, na wako wanaojua ila wamesahau. Waya ule unatakiwa kushuka mpaka kwenye fimbo ndefu ya shaba iliyogongelewa ardhini. Kitu chochote ndani ya nyumba kikiharibika, stima ikivuja, inakimbilia ardhini kwa njia hiyo na kikata umeme kinakata. Ukiondoa fimbo, vyuma vyote ndani ya nyumba vinabaki vimeungana kwa ule waya, lakini havina pa kwenda. Kimoja kikivuja, vyote vinapata stima, na hakuna kinachokatika. Stima inasubiri mtu mwenye miguu mitupu awe ndiye njia.

Nikamuuliza Makori fimbo iliyokuwa hapa iko wapi. Hakujua fimbo gani. Kwamboka ndiye aliyenyoosha kidole. Kulikuwa na ndama amefungwa kando ya migomba, na alichofungiwa ni chuma kirefu chenye rangi ya shaba. Vijana waliochimba kaburi walikikuta katikati ya shimo, wakadhani ni takataka ya mjenzi, wakakata waya kwa panga, wakaking'oa. Baadaye kikaonekana kigingi kizuri. Chuma kilichokuwa kinalinda nyumba nzima kilikuwa kimefungiwa ndama, na watu wazima walikuwa ndani wakimlaumu maiti.

Lakini kigingi hakikunieleza Ijumaa. Mvumo wa kila siku sawa, mitambo isiyo na fimbo huvuma na kuwasha vidole kidogo. Kwa nini Ijumaa jioni iwe kali hata ya kumshika mtu? Nilirudi ndani nikiwa nafikiri hivyo, na mama yake Makori alikuwa ameshika pasi, amesimama tu, amechoka na haya mambo. Nikamuuliza kwa upole kama hiyo pasi ina shida yoyote. Akasema haina, ila siku hizi ukiipima kwa kidole chenye mate inakuuma kidogo, kwa hiyo yeye huwa ana kandambili na hukamata kishikio tu.

Nilimwomba aizime kwenye soketi na ang'oe plagi. Nikaingia chumbani nikagusisha testa kwenye gitaa. Taa ikawa hafifu, inaonekana kwa kukisia. Nikamwambia achomeke. Ikawaka nyekundu. Nikamwambia ang'oe. Ikafifia. Alikuwa amekuja mlangoni kuangalia, plagi mkononi, na akanielewa kabla ya wengine wote. Aliiweka ile plagi sakafuni taratibu sana, akakaa kwenye kitanda cha marehemu mumewe.

“Kwa hiyo ni mimi,” akasema. “Kila Ijumaa ni mimi nilikuwa namchoma.”

Nilimwambia si yeye. Nilimwambia ni pasi mbovu na fimbo iliyong'olewa, na kwamba mwenye makosa ni kila mtu aliyeambiwa gitaa linauma akajibu kitu kingine. Sijui kama alinisikia. Mzee Ombui alikuwa ameanza kusema kwamba hata kama ni stima, nani ameituma. Nikamgeukia. Nilisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu wangu wanasoma, lakini mjue sijutii hata moja.

Nikasema fimbo irudishwe sasa hivi. Hapo Mzee Ombui akapata nguvu mpya. Kwanza, hakuna chuma kitakachogongwa kwa nyundo kando ya kaburi la ndugu yake. Pili, jua linaelekea kuzama, Sabato inaingia, kazi ni mpaka Jumapili. Makori akainamisha kichwa, kama alivyolelewa. Nilikaribia kumchukua gitaa niondoke nalo. Ndipo mama yake alipoinuka kitandani.

“Shemeji, keti,” akamwambia. “Hii stima ni mzee aliileta. Alimsimamia fundi mpaka ile fimbo ikazama yote. Tena kila asubuhi alikuwa anamwaga pale maji yake ya kunawa uso. Nilimuuliza kwa nini anafanya matope karibu na nyumba, akaniambia fundi alisema pale pasikauke, watoto wasije wakaumia.”

Makori alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimeibwa. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ameambiwa baba yake anataka kumdhuru.

Hatukuigonga kando ya kaburi. Mama alichagua kona ya pili ya nyumba, maji ya mabati yanakodondokea, ambako udongo haukauki. Nilizima swichi kubwa. Kwamboka alimfungua ndama, Makori akaigonga fimbo kwa nyundo ya kupasulia mawe, na mama yake alisimama karibu naye akiangalia jua, anamhimiza bila kusema. Niliunganisha waya, nikaukaza. Pasi tuliikata plagi ili isije ikapewa mtu. Jumatatu nikamleta fundi wa stima mwenye leseni apime kila kitu, maana mimi ni fundi wa sauti na najua kazi yangu inaishia wapi. Alisema ilibaki kidogo sana mtu afe.

Jioni ile, kabla jua halijazama kabisa, nilimwambia Makori sasa avue. Alisita. Ilibidi nigusishe testa kwenye nyuzi mbele yake, ikabaki giza, kisha mimi mwenyewe nikavua viatu vyangu vya tope, nikasimama kwenye ile sakafu na kushika nyuzi zote kwa kiganja. Ndipo akavua. Alipiga gitaa miguu mitupu, na halikuvuma hata chembe. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mzee, anasikiliza, mashati yakiwa nusu yamenyooka nusu yana makunyanzi. Sabato hiyo familia ilienda kanisani na makunyanzi. Mzee Ombui alisimama akatoa ushuhuda kwamba maombi yamefukuza roho ya gitaa. Fimbo hakuitaja. Nilikuwa nimeketi nyuma, na kama Kwamboka hangenishika gauni ningesimama.

Nimekuja kwenu sasa. Juzi Makori alinipigia, anataka nimsaidie na wimbo mmoja ambao hamkuufikia kuusafisha, aliourekodi Ijumaa moja kabla ya haya yote. Ameukagua, uimbaji ni mzuri, gitaa ni zuri, ila chini yake kuna ule mvumo, na katikati unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Aliniuliza kama naweza kuuondoa kwa ile programu yenu.

Nilimwambia naweza, na sitaki. Nimemwambia auweke ulivyo. Nimeuomba na mimi, na nimeuacha kwenye kompyuta ya studio, wa kwanza mtakaouona mkiwasha. Muusikilize mpaka mwisho, wote, na yule aliyecheka asikilize mara mbili. Kila mvumo unapopanda, pasi imejiwasha tena ipate moto, unaposhuka imejizima, na mama anainyoosha kola ya shati jeupe la mwanawe, Makori yuko chumba cha pili na gambuti zake, na nyinyi mmesema ni staili.